Kupima Ubora wa Sauti: Saa, Sikio na Simu katika Zahanati ya Mlimani

Mwalimu wa shule ya msingi huko Usangi, katika milima ya Upare Kaskazini, huitumia sauti yake tangu asubuhi hadi alasiri. Sauti inapoanza kukwaruza, husema ni baridi na ukungu wa mlimani, hunywa chai ya tangawizi, kisha huendelea na kazi. Mara nyingi huwa hakukosea: mafua hupita na sauti hurejea. Tatizo ni pale isiporejea, au inaporejea nusu. Nyumbani wanasema amepata nafuu, wanafunzi wanasema hasikiki, naye mhudumu wa zahanati hana kumbukumbu ya kulinganisha. Makala haya yanaeleza namna sauti inavyoweza kupimwa kwa namba, na mahali ambapo namba hazitoshi.

Kinachopimwa

Ndani ya kikoromeo mna nyuzi mbili za sauti. Pumzi inapopita kati yake, hutetemeka: takriban mara 100 hadi 130 kwa sekunde kwa mwanamume mtu mzima, na mara 180 hadi 220 kwa mwanamke. Nyuzi zikivimba, zikiota vinundu, au mmoja ukipooza, hazifungani sawasawa. Hewa huvuja na mitetemo hupoteza mpangilio. Mambo hayo mawili, uvujaji wa hewa na kuvurugika kwa mitetemo, ndiyo hasa yanayotafutwa na vipimo vingi vya sauti.

Sikio lenye utaratibu

Mizani ya GRBAS, iliyoenezwa na daktari Minoru Hirano wa Japani mwaka 1981, humtaka msikilizaji atoe alama 0 hadi 3 kwa mambo matano: ukubwa wa tatizo kwa jumla, mkwaruzo, uvujaji wa hewa, unyonge wa sauti na kujikaza. Mizani hii haina gharama. Hata hivyo, wasikilizaji wawili huweza kutofautiana, na hata msikilizaji mmoja huweza kubadilika akichoka. Ndiyo maana vipimo visivyotegemea sikio vinahitajika.

Saa

Kipimo chepesi kuliko vyote huhitaji saa yenye mshale wa sekunde. Mgonjwa avute pumzi ndefu, kisha atamke «aaa» kwa sauti ya kawaida mpaka pumzi imwishie. Arudie mara tatu, na muda mrefu kuliko yote uandikwe. Watu wazima wengi wenye afya hufikisha sekunde 15 au zaidi. Muda ulio chini ya sekunde 10 unastahili kuchunguzwa.

Kisha atamke «sss» kadiri awezavyo, na baadaye «zzz». Sauti ya kwanza haihitaji mtetemo wa nyuzi. Ya pili inauhitaji. Kwa mtu mwenye afya, muda wa sauti hizi mbili hukaribiana. Gawanya muda wa «sss» kwa muda wa «zzz»: jibu likizidi 1.4, inawezekana nyuzi hazifungani vizuri. Mathalani, sekunde 18 zikigawanywa kwa 10 hutoa 1.8. Mapafu ya mtu huyo yana pumzi ya kutosha. Pumzi inapotelea kwenye nyuzi.

Simu na kompyuta

Mrekodi mgonjwa katika chumba kimoja kisicho na kelele, kwa simu ileile, ikiwa shibiri moja kutoka mdomoni. Mvua ikipiga bati, subiri ikatike. Programu ya Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam na isiyolipiwa, huonyesha jinsi mitetemo inavyopishana kwa urefu na kwa nguvu, na uwiano kati ya sauti safi na kelele. Kwa sauti yenye afya inayotamka «aaa», uwiano huo huwa karibu desibeli 20. Ukishuka mno, sauti imekwaruza. Tahadhari: sauti ikiwa imeharibika sana, programu hushindwa kuitambua mitetemo yenyewe, na namba za kupishana kwake hazifai kuaminiwa.

Irabu «aaa» ina faida nyingine: haitegemei lugha. Wazee wengi wa Usangi huzungumza Chasu, lugha yenye toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba sehemu ya maana. Kwa hiyo mgonjwa aulizwe pia kama watu wa nyumbani bado wanamwelewa. Vipimo vinavyotumia usomaji wa matini huwa na vikomo vilivyowekwa kwa lugha fulani. Kikomo cha Kiholanzi kisichukuliwe kuwa cha Kiswahili wala cha Chasu.

Mahali namba zinapokoma

Namba husema sauti imeharibika kiasi gani. Hazisemi kwa nini. Kinundu cha mwalimu, kifua kikuu cha kikoromeo na saratani vyote huweza kutoa sekunde 8. Chanzo hujulikana kwa kutazama kikoromeo chenyewe. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2018 unaelekeza kikoromeo kitazamwe ikiwa sauti haijarejea ndani ya wiki 4. Usingoje muda huo kukiwa na shida ya kupumua au kumeza, damu katika makohozi, uvimbe shingoni, au uvutaji wa tumbaku. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi apimwe makohozi. Mtoto ambaye sauti yake inazidi kukauka na pumzi yake ina mlio apelekwe hospitali mara moja.

Kwa wakazi wa Usangi, safari hiyo mara nyingi huishia Moshi, katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC. Mgonjwa aende na karatasi yenye tarehe, sekunde na alama zake. Daktari atakayempokea hataambiwa tu kwamba sauti «imekauka kidogo». Ataona kwamba mwezi uliopita ilikuwa sekunde 14 na leo ni 8. Tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba hali inazidi kuwa mbaya, na kwamba mgonjwa huyu hafai kuambiwa arudi nyumbani akasubiri.