Wiki Tatu za Mapumziko
Somo: Marko 6:30-32

Katika somo letu wanafunzi wametoka kazini, watu wamejaa hadi hakuna nafasi ya kula, na Yesu anawaita kando wapumzike. Sasa swali: je, mapumziko yanaweza kuwekwa kwa ratiba kama ibada? Kuna watu waliojaribu.

Finchale ni mahali kando ya mto Wear, karibu na mji wa Durham, kaskazini mwa Uingereza. Huko alikaa Godric. Huyu alianza kama mchuuzi wa kutembeza bidhaa, akapanda hadi akamiliki nusu ya meli ya biashara na robo ya nyingine. (Sisi tuliosomea biashara tunaona hapo jamaa aliyejua kugawanya hatari!) Baadaye akaacha yote, akaishi Finchale kama miaka 60 akifunga na kuomba, hata kusimama usiku ndani ya maji baridi ya mto. Alifariki 1170.

Mwaka 1196 watawa Wabenedikto wa Durham wakaanzisha nyumba hapo kwa Godric, wakajenga na kanisa kubwa la mawe. Lakini huko Durham kazi haikuwa mchezo: ibada mchana na usiku, mashamba, wageni, vitabu vya hesabu. Watu walichoka. Kwa hivyo kuanzia karne ya 14 Finchale ikawa mahali pa kupumzikia. Mkuu wa nyumba na watawa wachache walibaki hapo daima. Wengine wanne walitoka Durham kwa zamu, wiki tatu, halafu wanarudi kazini. Na ibada haikukatika. Kila siku wawili kati ya hao wanne walihudhuria, wawili wakawa huru kutembea mashambani. Hata kanisa walilipunguza, wakabomoa sehemu za pembeni na kuziba matao kwa ukuta.

Wengine watasema walilegea, kwamba Godric angewashangaa. Mimi sikubali. Godric alikuwa peke yake. Hawa walikuwa na nyumba nzima ya kuendesha, na zamu ilimfikia kila mtu bila yeye kungoja aanguke ndipo aombe ruhusa.

Nyumba hiyo ilifungwa miaka ya 1530 chini ya Mfalme Henry VIII. Magofu yapo mpaka leo, na yale matao yaliyozibwa bado yanaonekana.

Viongozi wa kwaya, maasha na shule ya Jumapili: nileteeni majina ya wale ambao hawajapumzika tangu Januari. Usisahau kuandika lako.