Frateri, Ulikuwa Unasema na Nani?



Wakati wa likizo nilishiriki mashindano ya hotuba ya vijana hapa Isevya, Tabora. Mada ilikuwa: kati ya tumbaku na asali, kipi kinamfaa zaidi mkulima wetu? Nilipangiwa upande wa asali. Nilianza na sababu nne za Aristotle, nikaeleza tofauti ya njia na lengo, kisha nikasema mkulima wa tumbaku anakata tawi alilokalia. Mpinzani wangu, kijana aliyeishia darasa la saba, aliuliza jambo moja tu: "Nani hapa ada yake ya shule ililipwa kwa tumbaku?" Mikono ikainuka ukumbi mzima, hata wa jaji mmoja. Nikashindwa. Wakati natoka, mama mmoja aliniambia kwa upole: "Frateri, umesema vizuri. Ila ulikuwa unasema na nani?"

Swali hilo ndilo somo letu.

1. Msikilizaji ni sehemu ya hotuba

Aristotle mwenyewe anafundisha kwamba hotuba ina mambo matatu: msemaji, jambo linalosemwa na msikilizaji, na hotuba yote inamlenga msikilizaji. Basi nilimtaja Aristotle bila kumfuata.

Mtume Paulo alilijua hilo. Katika sinagogi la Antiokia ya Pisidia alianza na historia ya Israeli: Misri, jangwa, Daudi (Mdo 13). Kule Athene, mbele ya Areopago, hakumtaja nabii hata mmoja. Alianza na madhabahu yao wenyewe, akatumia na maneno ya washairi wao (Mdo 17). Lakini kote aliwafikisha kwenye ufufuko. Waathene wengine walimcheka hapo. Hata hivyo hakuuficha.

2. Kuwajali wasikilizaji si kuwabembeleza

Januari 1958, TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapahapa Tabora. Wajumbe wengi walitaka kususia uchaguzi kwa sababu ya kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha katika mji huu, angeweza kupata makofi kwa kuwaambia walichotaka kusikia. Badala yake aliwaonyesha kwamba kususia kungewaachia wapinzani viti vya Baraza, na uhuru walioutamani ungechelewa. Wajumbe walikubali, na tunauita Uamuzi wa Busara. Si wote walioridhika: Zuberi Mtemvu alijitenga na kuanzisha chama chake. Lakini TANU ilishinda uchaguzi wa 1958 na 1959.

Kipimo ni hiki: je, unaweza kuirudia hoja yako mbele ya watu wa upande wa pili bila kuona aibu? Ukibadilisha mwanzo, mfano na lugha, umewaheshimu wasikilizaji. Ukibadilisha ukweli ili wakupende, umewadanganya.

3. Ningesemaje leo?

Ningeanza hivi: "Wazazi wangu, tumbaku imetusomesha; asanteni kwa jasho lenu." Kisha ningeuliza: kuni za kukaushia tumbaku mlizikata wapi zamani, na leo mnazifuata wapi? Nyuki wanaitegemea miti hiyohiyo ya miombo. Hoja ingekuwa ileile, ila safari hii ingeanzia kwenye maisha yao. Pengine ningeshindwa tena, lakini yule mama angejua kwamba nilikuwa nasema naye.

Maswali ya kutafakari

Kabla ya hotuba au mahubiri, tujiulize:

1. Wasikilizaji wangu wamepata nini, au wamegharimia nini, katika jambo ninalotaka kulipinga?
2. Ni neno gani nimelichagua ili nionekane msomi tu?
3. Ni ukweli gani sitaupunguza hata nikikosa ushindi?