KUMHIFADHI MWENYE KUINGIWA NA MARADHI YA AKILI ASIJE AKAJIUA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Watu wengi wakisikia neno wazimu humfikiri yule azungukaye majiani hali akisema peke yake, na asiyefika hapo humdhani kuwa mzima. Dhana hiyo si sawa, nayo imeangamiza vijana. Maradhi haya aghlabu yana mlango, na mtu huweza kukaa mlangoni siku nyingi kabla ya kuingia. Na hapo mlangoni nafsi yake imo katika khatari kubwa.

FASLU YA KWANZA: KATIKA KUZIJUA ALAMA

Mfano wake ni kijana wa miaka 19. Alikuwa hakosi darasani, sasa haji. Usiku halali. Husikia jina lake likiitwa. Akigeuka haoni mtu, na mwenyewe ajua kuwa hapana mtu, lakini khofu haimtoki. Akipita barazani watu wakicheka, hudhani wamcheka yeye, kisha huitilia shaka dhana yake. Huyu hajawa mwehu. Akili yake ingali naye. Na kwa kuwa ingali naye, huiona ikimponyoka, akaona haya kumwambia mtu. Hapo ndipo aanzapo kutamani mauti.

Matabibu walifungua mahali mahsusi pa kuwatazama vijana wa namna hii mjini Melbourne, Australia, mwaka 1994, na tangu hapo wamechunguzwa katika nchi nyingi. Wataalamu walioukusanya uchunguzi huo mwaka 2015 walikuta kadiri ya watu 66 katika kila 100 waliingiwa na fikira za kujiua katika majuma mawili yaliyopita, na 18 walipata kujaribu katika umri wao. Na ijulikane pia kwamba wengi wao hawafiki katika wazimu wenyewe: wafikao kwa muda wa miaka mitatu ni kadiri ya robo. Basi hapana sababu ya mzazi kukata tamaa, wala hapana sababu ya kungoja.

FASLU YA PILI: KATIKA HUKUMU

Kujiua ni katika madhambi makubwa; dalili yake ni Suratu n-Nisaa, aya ya 29, na hadithi zilizo sahihi.

Suali: Je, yafaa kumtisha mgonjwa kwa moto ili aziache fikira hizo?

Jawabu: Haifai kutosheka na hilo. Akitishwa hunyamaza, na ugonjwa hautoki bali hufichwa. Yapitayo moyoni umma huu umesamehewa. Na kumwambia baba au tabibu ili apate kusaidiwa ni kutafuta dawa, si dhambi.

Suali: Na aliyekwisha kujiua, husaliwa?

Jawabu: Katika madhehebu ya Imamu Shafii huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, na huzikwa pamoja na Waislamu. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 Hijria, ameeleza kuwa Mtume kutomsalia mtu wa namna hiyo kulikuwa ni kuwakanya watu, na masahaba walimsalia. Ama aliyeondokewa na akili, kalamu imeinuliwa kwake. Na kadiri ya akili aliyobaki nayo maiti saa ile aijuaye ni Mola wake. Basi walio hai wazuie ndimi zao, wala wasiwaongezee wafiwa msiba juu ya msiba.

FASLU YA TATU: KATIKA YALIYO WAJIBU JUU YA JAMAA

Kwanza, amuulize waziwazi: "Mwanangu, je, wafikiri kujiua?" Wako wachelea kuwa suali hilo litamtia fikira asiyokuwa nayo. Jambo hili limechunguzwa na haikuonekana hivyo. Aghlabu mtu hupumua kwa kuulizwa.

Pili, akiwa katika shida asiachwe peke yake, na sumu, dawa, kamba na vyenye makali viondolewe karibu naye.

Tatu, apelekwe hospitali mapema. Mtume aliwaamuru watu wajitibu. Kumsomea Qur'ani ni kheri, wala hakuzuii dawa. Sultani Qalawun alijenga hospitali Cairo mwaka 683 Hijria, yaani 1284, nayo ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili. Na watu wale walikuwa wakisoma Qur'ani. Ama kumfunga mnyororo na kumpiga kwa kusema ana jini, hiyo ni dhulma.

Nne, azuiwe bangi, kwani humsukuma ndani ya mlango ule.

Tano, siri yake isitiriwe kwa majirani, lakini isifichwe kwa tabibu. Wengi wamemzika mtoto kwa kuchelea aibu, na aibu yenyewe haikuzikwa pamoja naye.

Mwenyezi Mungu azihifadhi akili za vijana wa Kiislamu, awaponye wagonjwa, na awape wazazi macho ya kuona kabla ya kupita wakati. Amin. Wallahu aalam.