Kukana kwa Kifupi katika Kiingereza

Katika Kiswahili alama ya kukana hukaa mbele: nitakuja, sitakuja, anasoma, hasomi. Katika Kiingereza si hivyo. Neno la kukana ni not, nalo hufuata kitenzi cha kusaidia: do not, is not, did not.

Lakini Waingereza wakiongea huunga maneno hayo mawili yawe moja. Do not huwa don't, is not huwa isn't, did not huwa didn't. Herufi o imetoka, na alama ndogo imewekwa juu, mahali pake. Alama hiyo mnaijua katika neno ng'ombe. Lakini katika ng'ombe huonyesha sauti tu. Katika don't yasema: hapa herufi imetoka.

Maneno haya yashikeni kwa moyo: cannot huwa can't, will not huwa won't. Am not haiungwi hivyo. Husemwa I'm not. Na katika barua ya heshima, andikeni maneno yote mazima.

Sasa sikilizeni mfano. Mtu wa Bunia alipata kazi ya kulinda ghala huko Uganda. Jioni bwana wake akamwuliza: «Didn't you lock the door?» maana yake, «Hukufunga mlango?» Kweli mlinzi hakuufunga, kwa sababu kufuli ilikuwa imevunjika. Akajibu: «Yes», akiwaza moyoni: «Ndiyo, sikufunga.» Bwana akafahamu kwamba mlango umefungwa, akaenda zake kulala. Usiku wezi wakaingia, wakachukua magunia ya kahawa. Asubuhi mlinzi akaitwa mwongo, naye hakutaka kudanganya.

Kosa li wapi? Katika Kiswahili «ndiyo» hukubali maneno ya mwulizaji. Katika Kiingereza yes na no hufuata jambo lenyewe. Jambo limetendeka? Yes. Halikutendeka? No. Basi mlinzi alipaswa kujibu: «No, I didn't.»

Ulizo likiwa na don't au didn't, msijibu neno moja tu. Ongezeni kitenzi, na maana itakuwa wazi.

Maulizo
1. Katika neno isn't, ni herufi gani imetoka?
2. Andika maneno mazima: won't, can't, don't.
3. Mwalimu auliza: «Don't you have a pen?» Nawe huna kalamu. Utajibu nini?
4. Kwa nini bwana alimwona mlinzi kuwa mwongo?