Tutunze Betri ya Laptopu ya Kikundi

Vikundi vingi siku hizi vina laptopu moja ya kuweka hesabu za hisa, mikopo na faini. Hilo ni jambo jema. Lakini tukivitembelea tunakuta mara kwa mara kwamba mashine ni nzima, ila betri imechoka. Stima ikipotea, laptopu inazimika papo hapo, na hesabu ambazo hazijahifadhiwa zinaenda nayo. Hapo wanachama huanza kumshuku mweka hazina, kumbe shida ni betri. Na betri mpya hununuliwa kwa pesa zile zile ambazo mwanachama angekopeshwa.

Tuijue betri yetu

Watu wengi hutunza betri ya laptopu kwa desturi za betri nyingine. Betri ya gari au ya sola, ile nzito ya asidi, hupenda kukaa imejaa. Betri za zamani za nikeli na kadimiamu zilifaa kuishiwa kabisa mara moja moja. Ndiyo maana hadi leo utasikia mtu akisema ati, "Ngoja iishe kabisa ndio uchaji."

Betri ya laptopu ya siku hizi ni ya lithiamu. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka wa 1991, na mwaka wa 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao ya kuibuni. Hii haipendi kuisha kabisa, wala kukaa imejaa siku nenda siku rudi. Inapenda katikati.

Betri huzeeka kwa kutumika. Ukitumia nusu ya chaji leo na nusu kesho, umemaliza mzunguko mmoja. Nyingi huhimili mizunguko kati ya 300 na 1,000 kabla nguvu zake kupungua sana. Lakini pia huzeeka ikiwa imekaa tu, na joto huharakisha uzee huo.

Mambo ya kufanya

1. Siku za kawaida, chomeka chaja kabla chaji haijashuka chini ya asilimia 20, na uchomoe ikifika 80. Kama mkutano ni mahali pasipo na stima, ijaze hadi 100 asubuhi hiyo. Kujaza mara moja moja si neno.

2. Kama laptopu hushinda imechomekwa, tafuta kwenye mipangilio yake sehemu ya kuzuia chaji isipite asilimia 80. Nyingi za siku hizi zinayo.

3. Iepushe na joto. Usiitumie juu ya godoro au blanketi, kwa maana matundu ya hewa yataziba. Usiiache ndani ya gari juani wala karibu na jiko.

4. Kikundi kikienda likizo ndefu, iache na chaji karibu nusu, izimwe kabisa na iwekwe mahali pakavu, pasipo na joto. Iangaliwe kila baada ya miezi miwili.

5. Tumia chaja iliyotengenezewa laptopu hiyo. Usiazime yoyote kwa sababu tu inaingia.

Mkinunua iliyotumika

Msitoe pesa kabla ya kupima betri. Chomoeni chaja na muitumie laptopu kwa nusu saa hivi mkiangalia chaji inavyoshuka. Kwa mashine za Windows, fundi anaweza kuandika amri powercfg /batteryreport. Ripoti itaonyesha betri ilitoka kiwandani na uwezo gani, na leo imebaki na kiasi gani. Ikiwa imebaki nusu, bei nayo ishuke.

Hatari

Betri ikivimba, au kibao cha herufi kikiinuka, zimeni mashine, msiichaji tena, mpelekeeni fundi. Msiitoboe wala kuitupa motoni; inaweza kulipuka. Msiitupe chooni wala shambani. Mwulizeni fundi wapi hupokea vifaa vya umeme vilivyokufa.

Hata kwa betri nzima, katibu ahifadhi kazi yake kila baada ya dakika chache, na nakala iwekwe pahali pengine. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana

1. Laptopu yetu hulala wapi, na mahali hapo pana joto kiasi gani?
2. Ni nani ana jukumu la kuichaji kabla ya mkutano?
3. Stima ikipotea leo katikati ya hesabu, tutapoteza nini?
4. Tutaweka akiba kiasi gani kila mwezi kwa ajili ya betri nyingine? Hata ikitunzwa vizuri, siku moja itachoka.