SOMO: KUHAMISHA VITABU VYA CHAMA KUTOKA KABATINI HADI HIFADHI YA MTANDAONI



Katika ofisi nyingi za vyama vya msingi kwenye miteremko ya Mlima Meru, mali yenye thamani kuliko zote si mizani wala ghala, bali ni kabati la chuma lililo nyuma ya kiti cha Katibu. Humo mna daftari la wanachama, leja za mapokezi ya kahawa, daftari la fedha, hati za malipo na kumbukumbu za mikutano. Kabati hilo likiungua, au mchwa wakiingia, chama hubaki na jina tu. Hakuna awezaye kuthibitisha nani alileta kilo ngapi, wala nani bado anadaiwa pembejeo. Somo la toleo hili lahusu namna ya kuyahamisha yaliyomo kabatini pasipo kumdhulumu mwanachama hata mmoja.

Tume ya Maendeleo ya Ushirika inao Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ambao wengi wenu mnaujua kwa kifupi chake, MUVU, nao umechukua nafasi ya bahasha nyingi zilizokuwa zikibebwa hadi kwa Mrajis Msaidizi. Hata hivyo, kujaza taarifa katika MUVU si sawa na kuwa na vitabu vilivyo sawa. Chanzo cha kila tarakimu ni mizani ya chama na stakabadhi anayopewa mkulima. Tarakimu ikiharibika pale, itakwenda imeharibika hadi Dodoma.

Wataalamu huiita hifadhi hii ya mtandaoni “wingu”. Kwetu sisi wingu ni lile lifunikalo kilele cha Meru, na jina hilo limewatia hofu baadhi ya wazee, wakidhani vitabu vitapeperuka. Hakuna kinachopaa. Ni kompyuta kubwa zilizowekwa katika jengo lenye ulinzi, umeme wa akiba na mitambo ya kupoza hewa, nazo hufikiwa kwa intaneti. Microsoft ilifungua majengo ya namna hiyo Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua yake Cape Town mwaka 2020. Hapa nchini kipo Kituo cha Taifa cha Data jijini Dar es Salaam. Chama hupanga nafasi humo kama kipangavyo ghala la mtu mwingine: mzigo ni wetu, jengo si letu, na kodi hulipwa kila mwezi au kila mwaka.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, ambayo sehemu kubwa hufanyika kabla kompyuta haijawashwa.

Leja mbovu ikihamishwa hubaki leja mbovu, ila sasa yaonekana safi, na hapo ndipo hatari ilipo. Ugumu wa kwanza kwetu ni majina. Tazameni daftari lolote la wanachama huku Meru: Kaaya, Pallangyo, Mbise, Nnko, Nanyaro, kurasa kwa kurasa. Majina haya ni ya koo, na katika kijiji kimoja “E. Kaaya” aweza kuwa baba, mwanawe na jirani yao. Karani wa zamani aliwatofautisha kwa sura, au kwa kuandika pembeni “wa mtoni”. Kompyuta haijui sura wala mto. Kwa hiyo kila mwanachama hana budi kuwa na namba moja, isiyotolewa kwa mtu mwingine hata baada ya yeye kufariki, na namba hiyo iandikwe kwenye kila stakabadhi.

Ugumu wa pili ni marehemu. Si jambo geni kukuta hisa zingali kwa jina la baba aliyefariki miaka mingi iliyopita, kahawa ikiletwa na mjane, na fedha zikichukuliwa na kijana. Maadamu karani anawafahamu wote, mambo huenda. Siku majina yanapoingizwa mtandaoni, fundi hukutana na mtu mmoja mwenye mikono mitatu, naye akiachwa peke yake atafuta lile asiloelewa. Aghalabu anayefutwa ni mjane. Bodi iwaite wenye familia, ipokee barua za urithi, iandike uamuzi katika kumbukumbu, ndipo jina libadilishwe. Kazi hii yaweza kuchukua miezi. Isiharakishwe kwa sababu ya mkataba wa fundi.

Tuseme mwanachama alileta kahawa ya maganda mara tatu: kilo 42.5, kilo 38 na kilo 51. Jumla yake ni kilo 131.5. Alilipwa malipo ya kwanza papo hapo kwa kila mzigo, kwa hiyo hana wasiwasi. Wakati wa kuhamisha, mzigo wa pili ukarukwa. Baada ya mnada wa Moshi chama kinatoa malipo ya pili ya shilingi 900 kwa kilo. Alistahili shilingi 118,350, anapata 84,150. Zimepotea shilingi 34,200, wala hakuna aliyeiba. Mwanachama atasema kompyuta imemla, na asipojibiwa kwa stakabadhi, mwakani atampelekea kahawa yake mnunuzi wa njiani.

Dawa yake ni ya kizamani: urari. Jumla ya kilo zote katika leja za wanachama sharti ilingane na jumla ya daftari la mizani, na ilingane na hati za kupeleka mzigo kiwandani, baada ya kutoa upungufu unaoeleweka. Jumla hizo zifungwe kwa tarehe moja, zisainiwe, halafu ndipo zihamishwe, na jumla za upande wa pili zikaguliwe tena. Kisha chama kiendeshe vitabu viwili sambamba kwa msimu mzima, karatasi na mtandao. Makatibu watanung'unika kwamba kazi imekuwa maradufu. Ni kweli imekuwa maradufu, lakini fundi wa kompyuta asiyejua urari ni hatari kuliko panya wa kabatini. Leja za zamani nazo zisichomwe. Wameru hawana haja ya kufundishwa uzito wa maandishi. Madai ya ardhi ya Engare Nanyuki, ambayo Kirilo Japhet aliyafikisha Umoja wa Mataifa mwaka 1952, yalitangulia kwa hati iliyoandikwa.

Kuhusu funguo, niseme kwa ufupi. Kila mtumishi awe na neno la siri lake. Karani wa mizani aingize uzito lakini asiweze kuidhinisha malipo. Mhasibu aidhinishe lakini asiweze kubadili uzito. Neno la siri moja lililobandikwa ukutani kwa ajili ya ofisi nzima ni sawa na kuacha sanduku la fedha wazi, na siku ya ukaguzi mkaguzi wa COASCO hatajua amuulize nani.

Mtandao nao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na nchi nzima ikahangaika. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mkulima aliyeshuka na gunia kichwani hawezi kuambiwa arudi kesho. Basi chagueni programu inayoweza kupokea uzito bila intaneti na kuupeleka baadaye, na kitabu cha stakabadhi chenye nakala kisiondoke mezani. Kila mwisho wa mwezi nakala ya vitabu vyote ishushwe, iwekwe katika diski inayotunzwa nje ya ofisi.

Kabla Bodi haijatia saini, ulizeni: tukitaka kuondoka, tutapewa data yetu yote, kwa muda gani na kwa gharama gani? Fundi asiyejibu hilo kwa maandishi aachwe. Ulizeni pia malipo ni kwa shilingi au kwa dola, kwa kuwa kahawa yaweza kushuka bei mwaka ule ule dola inapopanda. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume husika, na yaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Majina, simu na madeni ya wanachama ni taarifa za namna hiyo. Gharama zote ziingizwe katika makisio na kupitishwa na mkutano mkuu.

Zoezi kwa vikundi vya mafunzo: kabla ya mkutano ujao, chagueni kwa kura wanachama 20 kutoka daftari la msimu uliopita. Waombeni walete stakabadhi walizozitunza nyumbani, mzilinganishe na leja mbele yao, mzigo kwa mzigo. Kila tofauti iandikwe, hata ya nusu kilo, na chanzo chake kitafutwe. Tofauti zisizo na maelezo zikizidi mbili, chama kisisaini mkataba wowote hadi leja nzima ya msimu huo ipitiwe upya.