Kipawa cha Mkono Nacho ni Huduma

Andiko: Kutoka 31:1–6; 35:20–35

Sisi Wapentekoste tukisikia mtu amejazwa Roho, mawazo huenda moja kwa moja kwa kunena kwa lugha au kuhubiri. Lakini Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa kazi ya mikono: kufua dhahabu na shaba, kukata vito, kuchonga mbao. Fundi! Tena 35:34 yasema yeye na Oholiabu walipewa pia moyo wa kufundisha wengine.

Majirani zetu wa Wamunyu ni mfano. Mutisya Munge alienda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kuchonga kwa mafundi wa huko. Aliporudi, ujuzi ulienea kwa jamaa na majirani, hadi wachongaji wakaunda chama cha ushirika na vinyago vyao vikauzwa ng'ambo.

Sanaa huhudumu kanisani pia. Mwaka 1959, Elimo Njau alichora maisha ya Kristo kwenye kuta za kanisa kuu la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Yesu alionekana katika mandhari ya watu wenyewe.

Sasa sisi je? Mtoto akichora tunamwambia, "Wacha mchezo, shika kitabu." Kwaya ina nafasi, mashemasi wana nafasi, lakini kijana wa kuchora hana. Tusishangae akikaa nje.

Likizo hii tufanye hivi:

1. Tuandike majina ya wanaochora, wanaochonga, wanaoshona na wanaosuka vyondo.

2. Tuchague kazi moja tu: picha za Sunday School, ukuta wa chekechea, au mchoro wa kunawa mikono ambao hata asiyejua kusoma ataelewa. Ruhusa kwanza kwa mwenye ukuta.

3. Tuhesabu gharama ya rangi, brashi na msasa. Huduma nayo ina bajeti. Vifaa vya hema vililetwa na watu wote (35:20–29). Tusimwachie kijana anunue rangi na bado atoe nguvu zake.

4. Kila fundi awe na watoto wawili kando yake wakijifunza.

Swali la nyumbani: Ni kipawa gani nyumbani kwako umekiita mchezo?

Tuombe: Bwana, tufungue macho tuone mafundi uliotupa, na utupe moyo wa kuwashika mkono. Amina.